Mali ya Bwami Inatazamwa Bure Los Angeles, Watoto wa Itebero Hawana pa Kuiona

ITEBERO, WALIKALE – Huko Los Angeles, Marekani, mtu anaweza kumaliza siku nzima kwenye makumbusho na bustani bila mlango wowote kumdai senti. Asubuhi anaingia kwa miguu katika uwanja wa chuo kikuu cha UCLA, anashuka kwenye bustani ya mimea ya Mildred Mathias, ekari saba hivi za miti iliyotoka pande zote za dunia. Miti ina vibao vya majina. Kuna kijito, kuna kobe, kuna viti vya kupumzikia. Kutoka hapo anapanda hadi bustani ya sanamu ya Franklin Murphy, ambako kazi zaidi ya 70 za wachongaji wakubwa wa Ulaya na Marekani, akina Rodin, Matisse na Henry Moore, zimesimama kwenye majani kama ng'ombe walioachwa malishoni. Na saa sita mchana, Jumatano hadi Jumapili, makumbusho ya Fowler yanafungua mlango palepale chuoni. Huko pia hakuna tikiti. Kinacholipiwa ni maegesho ya gari tu.

Hilo ni jambo zuri na lisemwe kabla ya mengine yote. Mji unaomwacha mfagiaji na mtoto wake waingie pale pale anapoingia tajiri, kwa bei ileile ya sifuri, umeelewa kitu ambacho viongozi wengi wa Kongo hawajataka kukielewa.

Shida iko ndani ya makabati. Kati ya mali ambayo Fowler inaihifadhi kuna mamia ya kazi za mikono kutoka Afrika zilizotolewa na mtu mmoja, Jay Last, na ndani ya hizo zimo sanamu na vinyago vya Bwami, kile chama cha heshima na mafundisho cha Balega. Ni nyuso ndogo za mti zilizopakwa rangi nyeupe. Ni watu wadogo wa pembe ya ndovu waliong'aa kwa kupakwa mafuta miaka na miaka. Mwaka 2001 makumbusho hayo yalitoa kitabu kizima juu ya sanaa hiyo. Nyingi ya kazi za namna hii zilitoka Shabunda, Mwenga na Pangi, kwa Balega wenyewe. Lakini Bakano na Bakonjo wa Walikale ni ndugu wa damu na wa Bwami, na hakuna mzee wa Itebero atakayeambiwa neno kindi au yananio aulize ni lugha gani.

Sasa lichukuliwe hilo neno "bure" na lipimwe kwa mizani ya mtu wa Itebero. Ili aingie bure pale, kwanza atafute pasipoti. Kisha afike Kinshasa, ambako ubalozi wa Marekani uko, na Kinshasa haifikiwi kwa barabara kutoka hapa. Kisha alipe dola 185 za kuomba viza, pesa ambayo hairudi hata akikataliwa. Kisha ndege. Kisha kulala. Mwalimu wa shule ya msingi katika sekta ya Bakano akipiga hesabu hiyo atagundua kwamba mlango wa bure ndio mlango wa ghali kuliko yote aliyowahi kuisikia.

Kuna jambo jingine ambalo makumbusho ya nje hayapendi kulikaa kwa muda. Vitu vya Bwami havikuwahi kuwa vya bure hata kwa Balega. Mtu hakununua sanamu sokoni akaiweka nyumbani. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akitoa mbuzi, nyama, fedha za makombe, nguvu za ukoo wake wote, na zaidi ya hayo alichunguzwa tabia: mgomvi, mwongo, mlevi wa maneno, hakupita. Alipofika ngazi ya yananio alishika kinyago cha mti. Aliyefika kindi, juu kabisa, ndiye aliyekuwa na haki ya pembe ya ndovu. Kinyago chenyewe hakikuvaliwa usoni tu kama watu wa sinema wanavyodhani. Kilishikwa mkononi, kilifungwa mkononi juu, kilitundikwa kwenye ua, kiliburutwa kwa ndevu zake. Na kila mara kilipotolewa kikapuni kilitolewa pamoja na methali yake, na wimbo, na mchezo. Ondoa methali, kinabaki kipande cha mti.

Hicho ndicho kinachotazamwa bure nyuma ya kioo: kipande cha mti. Kibao kimeandika "Lega", karne fulani, mti na rangi. Jina la mwenyewe kwa kawaida halipo. Jina la mkusanyaji lipo.

Juu ya huyo Jay Last kuna habari ambayo mtu wa Walikale anapaswa kuijua, kwa sababu inamhusu kuliko anavyofikiri. Last alikuwa mwanafizikia. Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa wale wanane walioanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor huko California, na kikosi chake ndicho kilichotengeneza mojawapo ya vipande vya kwanza vya saketi ambavyo leo viko ndani ya kila simu na kila kompyuta. Utajiri wa biashara hiyo ndio ulionunua sanaa. Na vipande hivyo vinaunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na risasi hiyo ni bati, na bati linatoka kwenye kasiteriti, na kasiteriti inachimbwa Bisie, teritware hii hii ya Walikale. Kampuni ya Alphamin inayochimba Bisie iliposimamisha kazi Machi 2025, wakati M23 walipokuwa wanaelekea Walikale-centre, magazeti ya biashara ya dunia yaliandika kwamba karibu asilimia 6 ya bati la dunia linatoka pale. Walikale inatoa madini, Walikale na jirani zake wanatoa sanamu, na vyote viwili vinakutana California. Mtoto wa Walikale pekee ndiye hajafika.

Wala si mti na pembe tu. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa na Banyanga wa Walikale na kumkuta Shé-Karisi Rureke, bingwa wa kusimulia. Kwa siku 12 Rureke aliimba, akacheza, akasimulia habari ya Mwindo mwana wa Shemwindo, na maneno yakaandikwa. Aliyefanya kazi hiyo pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, Munyanga, msomi wa lugha ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Afrika wa zamani huko Kampala. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Mchapishaji ni nani? Chuo kikuu cha California, kile kile ambacho UCLA ni tawi lake. Leo wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanamsoma Mwindo darasani, wanaandika mitihani juu yake. Waulizwe maprefe wa shule za sekondari za Itebero, Musenge, Walikale-centre na Hombo: ni shule ngapi zina nakala moja kwenye kabati? Ni wanafunzi wangapi wanaomaliza wakijua jina la Rureke, huku wakiwa wamekariri jina la La Fontaine?

Watetezi wa makumbusho ya nje wana jibu moja ambalo hawachoki kulirudia: vitu hivi vingebaki Kongo vingeungua, vingeliwa na mchwa au vingeuzwa na mawaziri. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na halifai kupuuzwa. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji ilituma Kinshasa vitu 114 kutoka Tervuren, baada ya Mobutu kudai mali ya nchi mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973. Sehemu ya vitu hivyo ilipotea na vingine vikaonekana tena kwenye maduka ya sanaa ya Ulaya. Wezi walikuwa na funguo. Hiyo ni aibu ya Kinshasa, na Kinshasa haijawahi kuwaeleza wananchi nani aliuza nini.

Lakini watetezi hao wanaanza hadithi katikati. Nani aliyeiweka mali ya Bwami hatarini mara ya kwanza? Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Bwami. Mzee wa kindi aliyekuwa hakimu wa kijiji chake akageuka mhalifu kwa kushika sanamu aliyoipata kwa jasho la ukoo wake. Mtu ambaye mali yake imekatazwa na sheria hawezi kukataa bei. Ataificha, ataitupa, au atampa yule anayeitaka. Basi mtu amtie jirani yake moto nyumbani, kisha aje kuwasifia wale waliookoa viti?

Upande wa pili wa lawama uko hapa hapa nyumbani, na huu ndio unaouma zaidi kwa sababu dawa yake haihitaji viza.

Itebero iko kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu kupitia Hombo kwenda Walikale-centre. Mkaaji akitaka kuona kazi za mababu bila kutoka Kivu, Wasaveriani walianzisha makumbusho Bukavu na humo vitu vya Balega vina nafasi yao. Ni kazi ya heshima, na imefanywa na wamisionari, si na serikali. Lakini kufika Bukavu ni mashimo, matope, pikipiki inayozama hadi injini, barieri baada ya barieri na franga kila barieri. Na tangu Februari 2025 mji wenyewe uko mikononi mwa M23, kama Goma tangu Januari. Makumbusho ya taifa ya Kinshasa ni jengo zuri, lililofunguliwa Novemba 2019 kwa msaada wa dola milioni 21 za Korea Kusini, na mwaka 2022 mfalme wa Ubelgiji alikwenda pale na kinyago cha Kakuungu cha Basuku mikononi, akakiacha kwa mkopo usio na mwisho. Kwa mkopo! Mtu anamkopesha mwenye mali mali yake. Lakini hata tukio hilo lilibaki la Kinshasa. Kwa mtu wa Bakano, Kinshasa na Los Angeles zote ni picha za simu.

Katika teritware nzima ya Walikale, ambayo ni kubwa kuliko teritware nyingine zote za Kivu ya Kaskazini, ni chumba gani cha umma ambamo mtoto anaweza kuingia bila kulipa akaona kikapu cha Bwami, ngoma ya Kinyanga, picha ya Rureke? Ni kipande gani cha ardhi kilichowekwa alama kwamba hiki ni cha wote, kisikatwe kiwanja? Wakaaji wa Goma na Bukavu wamelia miaka na miaka kwamba viwanja vya watoto na maeneo ya wazi yanauzwa kwa vigogo. Vijiji vikubwa kama Itebero vinakua sasa. Kosa lile lile linaandaliwa sasa, na hati zake zinapigwa mihuri sasa.

Kuhusu bustani, ubishi ni mchungu zaidi. Mtu wa Los Angeles anatembea bure kati ya miti ya dunia nzima na kusoma vibao. Mtu wa Itebero anaishi kando ya msitu ambao watafiti wa dunia wanaufuata. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, ikafika hadi maeneo haya ya chini. Gorila wa Itebero wako kwenye majarida ya sayansi. Wajapani na Wakongo waliwachunguza hapa tangu mwisho wa miaka ya 1980, wakihesabu matunda wanayokula. Batwa ambao msitu huo ulikuwa nyumba yao walitolewa, na mwaka 2024 ndipo ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba nchi ya Kongo iliwakosea. Hapana shaka msitu ulindwe. Lakini kati ya msitu uliofungwa kwa bunduki na kiwanja kilichouzwa kwa mfanyabiashara, mwananchi wa kawaida hana hata hekta moja ya miti ambayo anaweza kuingia na mtoto wake siku ya Jumapili na kumwambia: huu ni mti fulani, gome lake linatibu hiki, majani haya ya mangongo ndiyo yaliyoezeka nyumba ya bibi yako. Wamama wazee wa Itebero wanajua majina mengi kuliko vibao vyote vya Mathias. Vibao tu ndivyo havipo.

Zamani jambo hili lilikuwa na mahali pake. Barza ya kijiji haikuwa na mlango. Wazee waliketi, kazi za mikono zilitengenezwa palepale, kesi zilisikilizwa, na watoto walisikia Mwindo usiku mpaka usingizi ukawashinda. Nani alilipa? Hakuna. Makumbusho ya bure si uvumbuzi wa California.

Sauti inayosikika mara nyingi kwenye mikutano ya sekta ni hii: watu wanakimbia vita, hospitali hazina dawa, nani ana muda wa makumbusho? Sauti hii inajifanya ya huruma. Lakini angalia kinachojengwa. Katikati ya vita hivi hivi makanisa yanapandishwa kwa matofali, baa zinapandishwa, depo za koltani zinapandishwa, nyumba za wakubwa zinapata bati jipya. Hakuna anayesema wahami wangojee kwanza ndipo baa ifunguliwe. Vita inakumbukwa tu pale kitu cha watoto na cha maskini kinapoombwa. Na watu walioondoka Walikale-centre Machi 2025 na kurudi Aprili walikuta kwamba kinachopotea kwanza katika kukimbia ni kile ambacho hakina nafasi kwenye mzigo: picha za wazee, daftari za ukoo, kikapu cha babu. Nyumba ya kuvihifadhi ni sehemu ya kujikinga na vita.

Pesa nayo ipo, ingawa kila mmoja anaapa kwamba haijui njia yake. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba asilimia 15 ya mrahaba wa madini iende kwa sekta au chefferie ambamo mgodi uko, asilimia 25 kwa jimbo. Juu ya hayo kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Bisie iko Wanianga, kwa hiyo sekta ile ina fungu lake kwa jina. Bakano ina migodi yake midogo na ina jimbo linalopaswa kuigawia. Makumbusho yanayotakiwa hapa hayafanani na jengo la Wakorea. Ni nyumba moja ya matofali ya kuchoma, madirisha ya vyuma, paa lisilovuja, kitabu cha orodha chenye picha ya kila kitu, walinzi wawili wanaolipwa kila mwezi, na hekta moja au mbili za miti nyuma yake. Maafisa waliokwisha kujenga ofisi zisizo na kazi kwa fedha za mrahaba wasije kusema hii ni ndoto.

Wachungaji nao wana hesabu ya kutoa. Kwa miaka mingi mahubiri fulani yameita vitu vya Bwami vitu vya shetani, na kuna familia zilizovichoma kwa furaha mbele ya kanisa. Mchungaji yule yule akienda Ulaya anapigwa picha ndani ya makumbusho akitabasamu mbele ya sanamu ya Kiafrika. Bwami ilifundisha kwa vitu. Ukiyasikia yale mafundisho bila kuambiwa yametoka wapi, utadhani ni ya Jumapili.

Kuna wazee wengine, na wasikilizwe, wanaosema kwamba si kila kitu cha Bwami kinafaa macho ya kila mtu. Wana haki. Kuna kilichokuwa cha kindi peke yao, na nyumba ya Itebero ikijengwa itabidi wazee wenyewe waamue kipi kikae mbele ya watoto wa shule na kipi kibaki kikapuni. Jambo la ajabu ni kwamba uamuzi huo huko Los Angeles haukuwahi kuwa wao. Mtalii aliyevaa kaptula anaona leo kile ambacho mtoto wa kindi hakuruhusiwa kukiona mpaka awe mtu mzima mwenye heshima.

Na makumbusho ya Fowler yenyewe yameonyesha kwamba mlango unaweza kufunguka kwa upande wa kutoka. Mali yake ya kwanza kubwa ilikuwa vitu 30,000 vya Henry Wellcome, tajiri wa dawa, vilivyopewa UCLA mwaka 1965. Wataalamu wa makumbusho walianza kuchunguza njia vilivyopitia. Katika vitu hivyo walikuta saba vya Ashanti wa Ghana, vingine viliporwa na jeshi la Waingereza mwaka 1874, vingine vilitolewa kama faini ya vita hiyo. Februari 2024 vitu hivyo saba, ukiwemo usinga wa mkia wa tembo, vilirudishwa Kumasi mkononi mwa Asantehene, bila mkopo, bila sharti. Miezi michache baadaye, Julai, Fowler iliwarudishia Bawarumungu wa Australia vitu 20. Hao wa pili hawana kiti cha dhahabu wala jeshi la mawakili. Ni jamii ndogo yenye nyumba ya utamaduni na wazee wanaojua kutaja kila kitu kwa jina lake.

Tofauti ya vitu vya Balega ieleweke pia, kwa sababu mawakili wa upande wa pili wataitaja. Vingi vilinunuliwa au kutolewa, havikuporwa kwa bunduki kama Kumasi, na kwa hiyo sheria haitamlazimisha mtu. Ndiyo maana ombi linapaswa kuanza na jambo ambalo hakuna makumbusho yenye haya yanaweza kulikataa: orodha kamili ya vitu vya Balega, Bakano, Bakonjo na Banyanga walivyo navyo, picha zake zote, barua na daftari zinazoonyesha viliondoka kijiji gani na mwaka gani. Ubelgiji ilikwisha kuikabidhi Kinshasa mwaka 2022 orodha ya vitu karibu 84,000 vya Tervuren, na bunge lake likapitisha sheria ya kurudisha mwaka huohuo. Orodha hiyo imekaa kwenye ofisi gani? Kuna mbunge wa Walikale aliyeiomba sehemu inayohusu Walikale? Kama ameiomba, aisome redioni. Nakala za kitabu cha Mwindo ziombwe pia, mia mbili au mia tatu, kwa shule za teritware. Chuo kikuu kilichokichapisha hakitafilisika.

Barua hiyo inahitaji sahihi ya chefu wa sekta, ya wawakilishi wa Bwami, ya shirika la raia na ya mtawala wa teritware. Karatasi, kalamu na muhuri viko Itebero. Simu zenye kamera ziko mikononi mwa vijana wanaochezea Facebook kwenye kilima pale mtandao unapopatikana. Wazee wanaojua methali ya kila kinyago wako pia, ila wanapungua kila msimu wa mvua, na kwa kuanza kuwarekodi hakuna anayehitaji kungoja Kinshasa, Wakorea wala jibu la California.